Winga asiyelala: jibu kwa mwenye duka la mashuka Kariakoo

Swali limetoka kwa msomaji mwenye fremu Kariakoo, Dar es Salaam. Anaandika hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Nina duka la mashuka, mapazia na foronya, nimelirithi kwa mama. Siku hizi mteja anaingia simu mkononi, ananionyesha picha: 'Dada, unalo hili?' Rangi ameshachagua, bei ameshaijua, na mara nyingine ni bei ambayo mimi siipati hata kwa jumla. Mdogo wangu ananishauri nirudishe fremu nihamie mtandaoni moja kwa moja, na anataka tutoe elfu hamsini kila wiki za kulipia matangazo. Kingine kinachonitisha: nikitazama pazia moja tu kwenye simu, kesho mapazia yananifuata kila ninapofungua. Simu inatusikiliza? Na hiyo mitambo inayojua mtu anataka nini, sisi wenye maduka itatuacha wapi?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza maswali manne kwa mkupuo, na la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutengeneza mifumo hiyo hiyo inayokutisha, ile inayomwambia mnunuzi "huenda ukapenda na hiki". Nitakujibu kama fundi anayeijua mashine kwa ndani, ila nitaanzia mahali unapopajua wewe kuliko mimi: kwa mawinga.

Mteja akishuka Msimbazi hajui aelekee wapi, winga anamdaka. "Unatafuta nini, dada? Mashuka? Twende." Kabla hawajakata kona ya pili ameshamsoma: kitanda ni sita kwa sita, rangi anataka za kupoa, haraka hana, mfukoni hayuko vibaya. Anampeleka duka analolijua, anaweka cha juu, kila mtu anaondoka na lake. Na winga mzuri anakumbuka. Mama yule yule akirudi Desemba, anamwambia, "Safari ile ulichukua mashuka ya kijivu, leo nina mapazia yanayoendana nayo." Hakuna anayemwita mchawi, maana wote tunajua ametumia macho na kumbukumbu.

Huo ndio mfumo wa mapendekezo. Ni winga aliyewekwa ndani ya simu, asiyelala, na anawakumbuka mamilioni ya watu kwa wakati mmoja. Wazo lenyewe lina umri wa mtu mzima. Mwaka 1992 watafiti wa kampuni ya Xerox huko California walitengeneza programu iitwayo Tapestry, iliyochuja barua pepe kwa kutazama wenzako waliozisoma walionaje. Mwaka 1998 Amazon, ambayo watu walikuwa bado wanaijua zaidi kwa vitabu, ilianza kutumia njia yake iliyokuja kuigwa dunia nzima: badala ya kuhangaika kutafuta wateja wanaofanana, ilitafuta bidhaa zinazonunuliwa na watu wale wale. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyofanya hesabu iwezekane kwa wateja wengi na kwa haraka.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya leo kwa daftari lako. Tuseme umeandika mauzo ya wateja 100. Kati yao 60 walichukua foronya, 20 walichukua mapazia, na 12 walichukua fimbo za kuning'inizia mapazia. Sasa watenge wale 20 wa mapazia uwatazame peke yao. Umekuta 12 kati yao wamechukua na foronya. Ukiwa na haraka utasema mapazia na foronya vinakwenda pamoja. Hapana. Kumi na mbili kati ya 20 ni asilimia 60, na asilimia 60 ndiyo hali ya wateja wako wote. Foronya zinatoka na kila kitu, haziambii chochote kuhusu mapazia. Lakini ukikuta watu 10 kati ya hao 20 wamechukua fimbo, hapo simama. Dukani kwa jumla ni asilimia 12 tu wanaochukua fimbo. Kwa wanunuzi wa mapazia ni asilimia 50. Hapo kuna uhusiano wa kweli, na anayeuza mapazia bila kuziweka fimbo mbele ya macho ya mteja anapoteza hela. Mitambo mikubwa inafanya hesabu ya namna hii kwa bidhaa mamilioni, siku hizi kwa mbinu nzito zaidi, lakini mzizi wake ni huu.

Utaniuliza sasa simu inapata wapi nguvu ambazo daftari halina. Jibu lake ni hili: daftari linaandika mauzo, simu inaandika kusitasita. Mteja akiingia kwako akashika mashuka manne, akarudia lile la maua mara tatu, akauliza bei kisha akaondoka mikono mitupu, usiku huna alama yoyote ya ujio wake. Akiyafanya hayo hayo kwenye simu, kila kitu kimebaki. Picha aliyoisimamia kidole, aliyoikuza aone ushonaji, aliyompelekea rafiki yake, iliyobaki kapuni bila kulipiwa, saa aliyokuwa anaperuzi, hata kwamba aliacha pale tu alipoona gharama ya kuletewa. Kwa mtengenezaji wa mfumo, kusitasita huko kuna thamani kama mauzo, na pengine zaidi, kwa kuwa kunatokea mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana kwenye suala la kusikilizwa nakwambia hivi: hayo mapazia yanayokufuata hayahitaji kipaza sauti. Ulipofungua ukurasa wa duka la mapazia, ndani yake kulikuwa na kipande kidogo cha msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kilichowekwa na mwenye duka kwa hiari yake. Kipande hicho kinatoa taarifa kwa kampuni ya matangazo kwamba simu fulani imetazama pazia fulani. Simu nayo ina namba yake ya utambulisho wa matangazo. Ukifungua programu nyingine inayotumia kampuni hiyo hiyo, namba inatambulika, na pazia lako linaletwa. Thamani ya ufuatiliaji huu ilijionyesha wazi Aprili 2021, Apple ilipoanza kulazimisha programu za kwenye iPhone zimuombe mtu ruhusa kabla ya kumfuatilia kwenye programu na tovuti za wengine. Wengi wakakataa. Meta, wenye Facebook na Instagram, wakatangaza mwanzoni mwa 2022 kwamba badiliko hilo lingewapunguzia mapato ya mwaka huo kwa kiasi cha dola bilioni 10. Kuna mipangilio ya namna hiyo kwenye simu za Android pia: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, kisha matangazo, na unaweza kuifuta ile namba. Ifute. Mimi ya kwangu nimeifuta.

Sasa nije kwa mteja mwenye picha, maana nadhani unamtazama vibaya. Wewe unamwona kama mtu aliyekuja kukulinganisha na mtandao. Mimi namwona kama mtu ambaye winga wa kwenye simu ameshamfanyia kazi yote, amemshawishi, amempa rangi na ukubwa, kisha ameshindwa kitu kimoja: kumpa kitambaa mkononi. Angekuwa na uhakika angeshalipa, maana kulipa si tatizo tena kwetu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, mitandao mingine ikaja na pesa zake, na leo hata muuza mihogo ana lipa namba. Mtu anayeweza kulipa akiwa kitandani lakini amepanda daladala kuja Kariakoo ana jambo anataka alihakikishe.

Jambo hilo unalijua. Picha haisemi uzito wa kitambaa. Shuka la pamba na shuka la poliesta kwenye picha ni mapacha. Nimewahi kumtazama mama mmoja muuza mashuka akimhudumia mteja wa namna hii. Hakubishana na bei hata neno moja. Alichukua shuka lake, akalifungua mkunjo mmoja, akalinyanyua kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akamwambia mteja aweke kiganja nyuma yake. Kiganja hakikuonekana. Kisha akachukua jingine la bei ya chini, lile lile la kwenye picha, akafanya vilevile. Vidole vyote vitano vilionekana. "Hili utafua mara ngapi?" Mteja alinunua la kwanza. Hakuna mtambo duniani uliomfundisha mama yule, na hakuna unaoweza kufanya alichofanya kupitia kioo cha simu.

Bei usizozipata kwa jumla zina sababu zake. Muuzaji asiye na fremu halipi kodi ya pango. Wengine wanaagiza China wenyewe kwa oda ndogo za kuchangia kontena, mteja akishalipia kwanza, kwa hiyo mtaji wao haulali stoo. Na wengine, tuseme ukweli, wanaposti picha ya pamba na kutuma poliesta. Usishindane nao kwenye bei ya picha. Shindana nao pale mlangoni kwenye mwanga.

Lakini kumlaza usingizi mtu mwenye duka ni dhambi, kwa hiyo nikusimulie na upande wa pili. Jakarta, mji mkubwa wa Indonesia, kuna soko linaitwa Tanah Abang. Nguo na vitambaa, ghorofa juu ya ghorofa, wanunuzi wa jumla wanatoka visiwa vyote. Ukiliona utasema ni Kariakoo yenye lugha nyingine. Mwaka 2021 TikTok ilifungua huko huduma ya kununua humo humo ndani ya programu: unatazama video, kitufe kiko chini, unalipa. Hapo winga na duka wamekuwa kitu kimoja. Ule mtambo unaojua video gani itakusimamisha ndio ule ule unaokuuzia. Hadi katikati ya 2023 wafanyabiashara wa Tanah Abang walikuwa wanalalamika kwamba vyumba vya soko vimebaki na wauzaji bila wanunuzi. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo serikali ikatoa kanuni ya kupiga marufuku mauzo kufanyika ndani ya mtandao wa kijamii, na tarehe 4 Oktoba 2023 TikTok ikaifunga huduma ile.

Ilifungwa kwa muda wa miezi miwili na kidogo. Desemba TikTok ikatangaza inanunua asilimia 75 ya Tokopedia, soko la mtandaoni la Waindonesia wenyewe, na tarehe 12 mwezi huo huo ikarudi kwa mlango huo. Katikati hapo walioumia ni akina nani? Wenye maduka, ndiyo. Lakini na wale wauzaji wadogo waliokuwa wameachana na kila kitu wakategemea mauzo ya moja kwa moja ndani ya TikTok: waliamka siku moja mlango umefungwa, na orodha ya wateja wao ikabaki upande wa pili wa mlango. Hapo ndipo mioyo yetu watu wa fani hii inapotakiwa kuuma. Tuliwajengea njia ya haraka ya kumpata mteja, tusiwaeleze kwamba mteja huyo si wao.

Hata hapa kwetu tumeonja. Jumia, iliyoanzia Nigeria mwaka 2012, ilikuwa Tanzania ikiuza kila kitu mtandaoni, ikaingia kwenye soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huo huo ikafunga shughuli zake Tanzania. Waliokuwa wakiuza kupitia kwake walirudi kuanza upya. Biashara ya mtandaoni haikufa. Ilihamia kwenye Instagram na WhatsApp, mikononi mwa wauzaji wenyewe na vijana wa boda wanaopeleka mizigo.

Kwa hiyo mdogo wako mwambie hivi: fremu hairudishwi. Mtandaoni tunaingia, lakini winga wa kwenye simu tunamtumia kama tunavyomtumia winga wa Msimbazi. Analeta mteja, tunamlipa cha juu chake kikiwa cha haki, na mteja akishaingia dukani anakuwa wetu. Lazima ujue daima winga huyu anakula kwa nani. Amazon peke yake iliingiza karibu dola bilioni 47 za matangazo mwaka 2023, na sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka kwa wauzaji wanaolipa ili bidhaa yao itokee juu mteja anapotafuta. Yaani kile mteja anachodhani kimependekezwa kwa ajili yake, mara nyingi kimelipiwa. Umoja wa Ulaya umetunga sheria mwaka 2022 inayozitaka programu kubwa zieleze vigezo vyao vya kupanga mapendekezo, na zimpe mtumiaji njia ya kutazama bila kupangiwa kwa kumfuatilia. Natamani tuipate na sisi.

Mfumo una udhaifu mwingine unaokuhusu moja kwa moja: unapenda kinachopendwa. Shuka likishabofyewa na wengi linaonyeshwa kwa wengi zaidi, likionyeshwa linabofyewa tena, na mwisho mji mzima unauza shuka moja la kijivu lenye mistari. Mwenye duka anayefuata picha hizo anajikuta amejaza stoo mzigo ule ule wa jirani yake, na hapo ndipo mnapouana kwa bei. Na kinyume chake, bidhaa mpya au muuzaji mpya haonekani, kwa sababu mtambo hauna kumbukumbu naye. Ukiposti wiki ya kwanza ukaonwa na watu thelathini, usidhani vitu vyako ni vibaya. Wewe ni mgeni tu. Anza na wateja unaowajua, wao wakitazama na kuuliza ndio wanaompa mtambo sababu ya kukupeleka kwa wengine.

Kuna taarifa moja unayo wewe ambayo mitambo hii haina, nayo ndiyo ningependa ushike kuliko yote niliyoandika. Kila mteja aliyekuonyesha picha ukamjibu "hilo sina" amekupa kitu ambacho kampuni kubwa zingekilipia. Mtambo unajua watu waliotazama nini. Haujui aliyetoka nyumbani na nauli yake akakikosa. Fungua daftari jipya, au ukurasa wa nyuma wa lile la mauzo. Kila anapoondoka mtu wa namna hiyo, andika: tarehe, alitaka nini, ukubwa gani, rangi gani, aliiona kwa bei gani. Muulize kwa upole kama unaweza kubaki na namba yake umjulishe mzigo ukija. Akikubali, iandike. Akikataa, mwache; tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na pasipo hata sheria, hakuna anayependa kujikuta kwenye grupu la WhatsApp ambalo hakuomba kuingizwa. Baada ya mwezi jumlisha. Ukikuta watu tisa walitaka mapazia mazito ya kuzuia mwanga na hakuna aliyeulizia yale mepesi uliyojaza, unajua mzigo ujao ni upi bila kumlipa mtu yeyote.

Namba hizo ndizo utajiri wako. Programu ikifungwa, ukurasa ukiibwa, daftari liko pale pale. WhatsApp ile ya biashara ina sehemu ya katalogi tangu 2019, haina malipo, nawe unaweza kuweka humo picha zako mwenyewe, ulizopiga dukani kwa mwanga wa mlangoni, pamoja na ukubwa, aina ya kitambaa na bei. Bei, dada yangu, iandike. Hii tabia ya "bei inbox" inatumaliza. Mteja akiona picha tatu, mbili zina bei na moja haina, ile isiyo na bei anairuka, na mtambo unaandika kwamba imerukwa. Andika pia maneno ambayo mtu angeyatamka: "mashuka ya pamba 6 kwa 6, shuka mbili na foronya nne, Kariakoo". Mtambo hauwezi kukukutanisha na anayetafuta kitu ambacho wewe hukukitaja.

Niishie kwenye elfu hamsini za mdogo wako. Msizitoe kila wiki kwa mazoea. Toeni mara moja, kwa bidhaa moja ambayo daftari la waliokosa limeonyesha inatakiwa na ambayo tayari iko stoo, mlenge watu wa Dar es Salaam peke yao. Kwa wiki mbili, kila anayeingia au kupiga simu muulize, "Umetuonea wapi?" na uandike jibu. Mwisho wa wiki ya pili hesabu walionunua kwa sababu ya tangazo lile, kisha hesabu faida mliyopata kwao. Faida, wala si mauzo. Ikizidi elfu hamsini, rudieni. Isipofika, hela hiyo ipelekeeni taa nzuri ya pale mlangoni, kwenye sehemu ya kunyanyulia shuka, maana jioni pakianza giza mteja hawezi kuona kiganja chake.